Kivunja-Mji: Simu ya Bei Mbaya Kwenye Njia ya Tabora

Kulikuwa na shanga ndogo nyekundu, rangi ya marijani, zilizoitwa samisami. Katika karne ya 19 zilitoka Bagamoyo hadi Tabora zikiwa zimefungwa kwenye mizigo ya wapagazi. Richard Burton aliyefika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 tangu aondoke pwani, alizipa nafasi katika kitabu chake cha 1860, The Lake Regions of Central Africa. Kazeh ni sehemu ya Tabora tunayoijua leo. Burton anaeleza kwamba shanga hizo zilikuwa na majina ya utani. Aliyaandika kwa sikio la Kizungu, lakini kwa Kiswahili chetu cha sasa la kwanza lingekuwa "kimaliza-chakula", kwa sababu mtu alikuwa radhi kutoa chakula chake ili azipate. La pili ni "kivunja-mji", kwa sababu, kwa maelezo yake, watu walizipenda kiasi cha kufilisi nyumba.

Ninayo simu ya aina ile ambayo vijana wa hapa huiita macho matatu, kwa ajili ya kamera tatu zilizokaa mgongoni. Niliinunua ikiwa used, kwa pesa ya kazi za tafsiri za miezi kadhaa. Mama mdogo alipotajiwa bei alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hiyo inapika?" Swali zuri. Haipiki. Na kuna siku ambazo kweli imemaliza chakula.

Tangu nisome yale majina mawili ya Burton, kila nikiiweka simu mezani nayakumbuka. Maana watu wengi, mimi nikiwemo, tumezoea kuizungumzia simu ya gharama kama mgeni aliyeingia juzi na kuwaharibu vijana. Ukiitazama ukiwa Tabora, mgeni huyo ana kiti chake cha zamani. Kimekaliwa na samisami, kikakaliwa na kitambaa cha merikani, na kabla ya hapo na wakati huohuo kulikuwa na pembe za ndovu. Na historia ya njia hii inafundisha jambo ambalo mahubiri yetu kuhusu simu huliruka: tamaa ya watu haikuwa ndiyo iliyovunja miji. Kilichovunja miji ni mizani, yaani nani anapanga bei, nani anabeba mzigo, na nani anabaki na deni.

Mteja wa Unyamwezi hakuwa mjinga

Tuanze na hiyo tamaa, kwa sababu imesingiziwa sana.

Burton alihesabu aina takriban 400 za shanga zilizokuwa sokoni enzi zake, kila moja na jina lake, bei yake na nchi inakopendwa. Nyingi zilitengenezwa Venice. Mfanyabiashara aliyefika mahali na shanga ambazo hazipendwi pale, hata kama amebeba mizigo ishirini, angeweza kulala njaa. Kwa hiyo kabla ya kuondoka pwani ilikuwa lazima aulize: huko Ugogo wanavaa nini mwaka huu? Ujiji wanataka zipi? Akikosea, safari nzima imekwisha.

Hebu lifikirie hilo kwa utulivu. Fundi wa vioo kule Italia, ambaye hajui kama kuna mji unaitwa Ujiji, anabadilisha rangi ya tanuru lake kwa sababu wanawake wa Ujiji wamechoka na rangi ya mwaka jana. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameandika kitabu kizima juu ya jambo hili, Domesticating the World, cha mwaka 2008, akionyesha jinsi matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yalivyowalazimisha wenye viwanda wa Salem na Bombay kufuata ladha ya huku. Mnyamwezi wa 1857 alikuwa mteja anayejua anachokitaka. Shanga kwake zilikuwa pambo, zilikuwa mahari, zilikuwa akiba, na zilikuwa ushahidi kwamba amefika pwani akarudi mzima.

Merikani nacho kina kisa chake. Kilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, kikaitwa kwa jina la kwao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata usafirishaji, vitambaa vya Uingereza na baadaye vya India vikaingia. Jina likabaki merikani. Watu walikuwa wananunua sifa ya kitu, na sifa ikaendelea kusafiri hata baada ya mwenye sifa kubaki nyumbani.

Sasa njoo sokoni Tabora leo. Utakuta vijana wanauza stika za kioo zenye kamera tatu, unabandika mgongoni mwa simu ya zamani na kwa mbali inakuwa toleo jipya. Utakuta makava yenye nembo ya kampuni ambayo simu iliyomo ndani haijawahi kuijua. Mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia nchi nzima, tulikaa wiki kadhaa tukibonyeza *#06# kwenye kila simu ya ukoo kama watu wanaopima homa. Wenye misafara wangetuelewa mara moja. Nao walikuwa na kazi ya kukagua kitambaa, kuhesabu nyuzi kwa vidole, kuhakikisha shanga si za kioo duni.

Na matumizi yenyewe ya kila siku? Ukiwa na simu kubwa Tabora, si yako peke yako. Harusini utasikia, "Kaka, tupige na hiyo yako," kisha picha sitini zinatakiwa zitumwe usiku huohuo, na bando ni langu. Umeme ukikatika, majirani wanakuja kwenye hotspoti kama walivyokuwa wanakuja kuomba moto. Mchana wa mwezi wa kumi, jua likiwa limesimama juu ya paa, simu inapata joto na kufifisha kioo chake yenyewe, na hapo ile milioni tatu na zaidi ya kununulia mpya inalingana kabisa na kitochi cha elfu thelathini. Tena kitochi cha baba mkubwa kinakaa na chaji karibu wiki nzima. Nikimtafuta yeye nampata. Yeye akinitafuta saa kumi na mbili jioni, anaambiwa sipatikani.

Nasema haya ili tuelewane: sioni aibu kuipenda simu nzuri. Kamera yake inaona gizani, maandishi ya Kiarabu kwenye makaburi ya zamani nayasoma kwa kuyakuza kidogo tu, na kazi yangu ya tafsiri nusu yake inafanyika juu ya kiti cha bodaboda. Mtu akimcheka kijana wa Cheyo au Ng'ambo kwa kutamani simu ya namna hiyo, anarudia kicheko cha Burton. Na kicheko hicho kina tabia ya kuficha daftari la madeni lililo chini ya meza.

Mzigo wa mpagazi

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 70 hivi, yaani frasila mbili, karibu kilo 32. Simu kama hii yangu ina gramu 220 hivi. Kwa hesabu ya haraka, mpagazi mmoja angeweza kubeba simu 145 bila maboksi. Kwa milioni tatu kila moja, angekuwa anatembea porini na zaidi ya shilingi milioni 430 begani. Kamwe njia hii haijawahi kuona mzigo mwepesi wenye thamani kubwa namna hiyo. Pembe za ndovu zilikuwa nzito, merikani ilikuwa nzito, na shanga, usizidharau, ni kioo.

Na hao wapagazi ni watu gani? Stephen Rockel, katika Carriers of Culture, kitabu cha 2006, amesahihisha picha ambayo wengi tuliipata shuleni, ya mtumwa aliyefungwa mnyororo akiwa na pembe begani. Kazi kubwa ya kubeba katika njia ya kati ilifanywa na watu huru waliolipwa ujira, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Waliijua thamani ya kazi yao. Walipatana, waligoma, waliacha mizigo wakaondoka mwajiri akizidi. Kijana aliyekuwa hajafika pwani alionekana bado mtoto. Utani wetu na makabila ya huko, ambao hadi leo unamruhusu Mzaramo kunitukana kwenye msiba nikacheka, umekua ndani ya safari hizo.

Watumwa walikuwepo, na wengi. Mashamba ya Unyanyembe yaliyowalisha wafanyabiashara na misafara yalilimwa kwa kiasi kikubwa na watu walioletwa kwa nguvu, wengi wao kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tangu 2006 njia hii ipo kwenye orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia, na Kwihara, kilomita chache nje ya mji, ni mojawapo ya vituo vyake. Jina lililotumika linataja watumwa na pembe kwa pamoja. Ni sawa. Vitu hivyo viwili vilikuwa kwenye mizani moja, na shanga zilikuwa upande wa pili.

Barua ya mwaka mzima

Kwihara ndiko liliko tembe la Livingstone, lililojengwa upya na kufanywa makumbusho. Stanley alikaa hapo mwaka 1871, njia ya kwenda Ujiji ikiwa imefungwa na vita vya Mirambo. Huko Unyanyembe aliukuta mfuko wa barua za Livingstone wenye tarehe ya 1 Novemba 1870. Mfuko ulikuwa umetoka Zanzibar, ukachelewa Bagamoyo, ukachelewa tena Unyanyembe, na mikononi mwa mwenyewe ulifika Ujiji karibu mwaka mzima baadaye, baada ya Stanley kuubeba na kuzunguka kusini ili kukwepa vita. Kisha wawili hao wakarudi Kwihara, Februari 1872. Stanley akaondoka mwezi uliofuata, na mzee akabaki kusubiri watu na bidhaa kutoka pwani. Alisubiri miezi mitano. Mtu mmoja, ukumbi mmoja wa udongo, miezi mitano ya kutazama njia.

Nilipokwenda Kwihara, mtandao ulikuwa mzuri. Nilimtumia rafiki yangu Muscat picha ya mlango wa tembe, na kabla sijatoka uani akawa ameshajibu kwamba nyumba ya babu yake ilikuwa na mlango wa namna ile. Ndivyo tunavyoishi sasa, na mimi sitamani kurudi kwenye mwaka wa kusubiri.

Ila kuna barua moja inayonikalia vibaya. Mwaka huohuo wa 1871, tarehe 15 Julai, Livingstone alikuwa Nyangwe, kule Manyema, akashuhudia wafanyabiashara wakiwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na wengine kuzama mtoni wakikimbia. Alikuwa ameishiwa karatasi. Sehemu ya kumbukumbu zake za miezi ile aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino aliotengeneza kwa mimea. Maelezo hayo yalibebwa na miguu ya watu: Nyangwe hadi Ujiji, Ujiji hadi Tabora, Tabora hadi Bagamoyo, halafu meli. Yalipochapishwa Uingereza mwaka 1872 yaliongeza shinikizo lililokuwepo, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akasaini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Leo video ya mchimbaji mdogo aliyefukiwa na udongo mashariki mwa Congo inanifikia kabla vumbi lake halijatulia. Naiona kwenye kioo kizuri, rangi zake zimenyooka kabisa. Kisha kidole kinasukuma juu, na inayofuata ni mapishi ya pilau.

Deni la miaka kumi na miwili na deni la siku moja

Misafara mingi haikutoka pwani kwa fedha taslimu. Merikani, shanga, bunduki na baruti vilitolewa kwa mkopo na wafadhili, wengi wao Wahindi wa Zanzibar, na mashuhuri kuliko wote alikuwa Taria Topan. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi yake hapa Tabora na alioa katika ukoo wa mtemi Fundikira, alikuwa mdeni wa Taria Topan. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, mikopo inatajwa bila haya, kama mtu anavyotaja mvua. Safari yake ndefu kuliko zote ilianza 1870, na Zanzibar alirudi 1882. Mwenye mali alisubiri miaka kumi na miwili, kwa sababu alijua pembe haziji kwa wiki.

Mpwa wangu analima tumbaku Urambo, ndani ya nchi iliyokuwa ya Mirambo. Alichukua simu janja kwa mkopo, zile za kulipa kidogokidogo kila siku. Usipolipa, simu inajifunga yenyewe, inabaki kioo kinachoonyesha namba ya kulipia. Siku moja alinipigia kwa simu ya jirani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Mbona namba ngeni?"

"Yangu imefunga. Ninazo tumbaku kwenye bani, pesa sina."

Sentensi hiyo fupi ina somo zima la uchumi. Pesa ya tumbaku huja mara moja kwa msimu, masoko yakishafunguliwa. Deni la simu huja kila asubuhi, kabla jogoo hajamaliza. Tippu Tip alikopeshwa kwa kalenda ya pembe. Mpwa wangu anakopeshwa kwa kalenda ya mtu wa mshahara, wakati yeye mshahara hana. Na akishamaliza kulipa, hesabu ikijumlishwa, simu ya kawaida kabisa itakuwa imemgharimu zaidi ya aliyeinunua taslimu dukani. Mdeni mkubwa hubembelezwa, mdogo hufungiwa. Hilo halikuanza na simu.

Neno jingine la njia hii ni hongo. Leo hongo ni rushwa, mtu anakamatwa nayo. Zamani ilikuwa ushuru halali ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite nchi yake na kunywa maji yake. Ugogo ilisifika kwa hongo: kila mtemi na vitambaa vyake, na maji yalikuwa machache kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kupita bila kulipa. Vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza 1871, kiini chake kimoja kilikuwa hicho: nani ana haki ya kutoza katika njia ya Ujiji. Pesa siku hizi hazipiti Ugogo kwa miguu, zinapita hewani, lakini Julai 2021 serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu, nchi nzima ilizungumza lugha ya wenye misafara. Kelele zilikuwa kubwa hadi Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Nilimsikia mzee mmoja stendi akisema kwamba hii ni hongo. Vijana walidhani anatuhumu mtu rushwa. Kwa maana ya kwanza ya neno, alikuwa sahihi kabisa.

Msiri na betri

Hapa Tabora njia iligawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi, Ujiji na Manyema. Jingine kaskazini, Karagwe na Buganda. La tatu lilishuka kusini-magharibi kuelekea nchi ya shaba, Katanga.

Katika tawi hilo la tatu alipita kijana kutoka Usumbwa, kaskazini-magharibi ya hapa, ambaye historia inamjua kwa jina la Msiri. Baba yake alikuwa amefanya biashara ya shaba na pembe huko kabla yake. Kijana alikaa Katanga kuanzia miaka ya 1850, akajenga dola ya Garenganze na mji wake Bunkeya, na watu aliokwenda nao wanaitwa Wayeke hadi leo. Shaba ya Katanga ilirudi Unyamwezi, ikavutwa kuwa nyaya na kuvaliwa mikononi na miguuni. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na Katanga ikamezwa ndani ya Congo.

Ndani ya ardhi hiyohiyo, pamoja na shaba, kuna kobalti. Congo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa inatoka ukanda huo wa shaba, maeneo ya Kolwezi na Likasi. Kobalti inaingia kwenye betri za simu. Bati la kuungia vipande vya ndani linachimbwa, pamoja na kwingineko, Maniema, ile Manyema ya Nyangwe. Koltani inayotoa tantalamu inachimbwa Rubaya, Kivu Kaskazini, mji uliotekwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Sina risiti ya kila chembe iliyomo kwenye simu yangu, na hakuna mnunuzi aliye nayo. Ninachojua ni ramani. Ni ramani ya Tippu Tip na Msiri, haijabadilishwa sana.

Malori yanayotoka upande huo kwenda bandarini Dar es Salaam baadhi yao hupita Nzega, mkoani kwetu. Yanakwenda yamebeba kizito, yanarudi na chepesi kinachong'aa. Mwaka 1857 kizito kilikuwa pembe na chepesi kilikuwa shanga. Bei ya pembe iliamuliwa London na Bombay. Bei ya kobalti mnajua haiamuliwi Kolwezi. Yule anayechimba kwa mikono hawezi kumudu simu anayoiwezesha, na mpwa wangu anayeweza kuimudu kwa shida anauziwa kwa bei ya juu kuliko mimi.

Ndiyo maana nasema tamaa imesingiziwa. Ukimzuia kijana wa Urambo asitamani simu, mizani itabaki palepale. Ukimlaumu mama wa Ujiji wa 1857 kwa kupenda samisami, pembe ingeendelea kuondoka kwa bei ya mtu mwingine. Wote wawili walitaka kitu kizuri. Kilichowaumiza ni kwamba kila hatua kati yao na kitu hicho ilikuwa na mtu anayejua bei zaidi yao.

Majina

Livingstone alifariki 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walipita Kwihara. Majina ya Susi, Chuma na Jacob Wainwright tunayo, kwa sababu walimbeba mtu maarufu. Maelfu waliobeba merikani, shanga na pembe njia hiyohiyo majina yao hayakuandikwa, isipokuwa pale walipodaiwa. Daftari la mfadhili linamkumbuka mdeni.

Siku hizi kila laini ya simu Tanzania imesajiliwa kwa alama ya kidole, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Kwa hiyo mpwa wangu ana jina mahali. Kampuni ya mkopo inalijua, mtandao unalijua, na simu ikifunga inamtaja kwa jina kwenye kioo. Ni lile daftari la zamani, limepata taa.

Lakini kifaa hikihiki kinaandika na upande wa pili, na hilo wapagazi hawakuwa nalo. Mwezi uliopita nilikaa na bibi mmoja mtaani kwetu, baada ya kumsalimia "mwangaluka" na kusubiri anitazame vizuri. Aliniruhusu niweke simu kwenye mkeka, irekodi. Akanitajia babu wa babu yake aliyekwenda pwani mara tatu, akarudi mara mbili na kitambaa, na mara ya tatu akarudi na mguu mbovu na deni. Alilitaja jina lake. Alitaja na jina la aliyemdai, na mbuzi wangapi walitoka, na binti gani alipelekwa kukaa kwa watu hadi deni liishe. Dakika arobaini na moja. Sauti imetoka safi kabisa, hata jogoo wa jirani anasikika.

Mwishoni aliniuliza kama hayo maneno yamebaki humo. Nikamwambia yamebaki. Akaichukua simu, akaigeuza, akatazama yale macho matatu, akaipima mkononi kama mtu anayepima shanga sokoni.

"Nyepesi," akasema. Akanirudishia.